Mizani Isiyojua Kiu

Gramu 100 ni kitu kidogo sana. Kama ni maji, hayafiki hata nusu ya kikombe cha chai. Lakini asubuhi ya tarehe 7 Agosti 2024, mjini Paris, gramu hizo ndizo zilizomwondoa Vinesh Phogat kwenye fainali ya mieleka ya Olimpiki, uzani wa kilo 50. Siku moja kabla alikuwa ameshinda mapambano matatu, la kwanza dhidi ya Yui Susaki wa Japani, bingwa wa Olimpiki ya Tokyo. Alikuwa mwanamke wa kwanza kutoka India kufika fainali hiyo. Jioni, baada ya kula na kunywa kidogo ili apate nguvu za kupigana, akakutwa amezidi kilo 2.7. Usiku ule hakulala. Alifanya mazoezi, akatolewa jasho, hakula, hakunywa, na mwishowe wakamkata nywele. Kulipokucha zilibaki gramu 100. Sheria ikasema aandikwe wa mwisho. Alikata rufaa angalau apewe fedha, na wiki moja baadaye rufaa ikatupwa.

Nilisoma maoni ya watu kwa siku kadhaa. Kundi moja lilisema sheria ni ya kikatili, gramu 100 ni nini bwana? Kundi la pili likajibu kwamba sheria ni sheria, angeshuka mapema. Makundi yote mawili yalibishana juu ya zile gramu 100 za mwisho. Sikuona watu wengi wakiuliza kuhusu kilo mbili na nusu za kwanza, zile zilizotoka usiku kucha bila mtu yeyote kuvunja sheria. Mimi swali langu liko hapo. Je, kuna ubaya gani, kama upo, mtu mzima mwenye akili timamu anapoukausha mwili wake kwa hiari ili asomeke namba fulani kwenye mizani?

Najua wengi wenu mnakuja hapa kwa ajili ya vitabu, si mieleka. Basi tuanzie kwenye neno ambalo ni letu sote. Mizani ni ile ya sokoni, na ni ile ya shairi. Mshairi wa kimapokeo anapewa mizani 16 kwa mstari, nane na nane, na lugha haimjali. Neno likizidi analikata: "aliyekuja" inakuwa "alokuja", silabi moja imeondoka. Huko ndiko kufanya inkisari. Neno likipungua analirefusha: "enda" inakuwa "enenda". Hiyo ni mazida. Hakuna anayemwita mshairi mwongo kwa sababu hiyo. Tunamsifu.

Mpiganaji naye anafanya inkisari halafu mazida. Siku ya kupima anajikata, na baada ya kupima anajirefusha. Katika ngumi za kulipwa na mapambano mchanganyiko, upimaji kwa kawaida hufanyika siku moja kabla, kwa hiyo kuna saa 24 au zaidi za mazida. Aliyepima kilo 61 jana anaweza kupanda ulingoni leo akiwa na 66. Mwenzake naye hivyo hivyo. Kila mtu anajua. Mtetezi wa desturi hii atakuambia hapa hakuna uongo wowote, ni kanuni za uandishi tu. Tofauti ninayoiona mimi ni hii: neno "aliyekuja" halijui kwamba limekatwa. Halina figo.

Mwili una mizani yake ya ndani, na hiyo haina siku ya kupima, inapima kila dakika. Sodiamu kwenye damu inatakiwa ikae kati ya milimoli 135 na 145 kwa lita. Potasiamu, ambayo moyo unaitegemea kwa mapigo yake, inakaa kati ya 3.5 na 5. Nafasi ni nyembamba. Ukitoka jasho, kinachotoka si maji matupu, ni maji na chumvi, pamoja na potasiamu na magnesiamu kidogo. Damu inapungua wingi, moyo unaongeza mbio ili kufidia. Ukiendelea, hata jasho lenyewe linapungua, na hapo mwili unapoteza njia yake ya kujipoza. Joto linapanda. Na ukirudi ukabugia maji mengi kwa haraka bila chumvi, unazimua ile sodiamu iliyobaki, jambo ambalo nalo ni hatari. Yaani unaweza kuumia ukienda, na unaweza kuumia ukirudi.

Kuna kipindi nilikuwa naandika habari za ngumi, nikapata ruhusa ya kushinda kwenye ukumbi mmoja wa mazoezi hapa Dar es Salaam wiki ya pambano. Kulikuwa na kijana wa miaka 20 hivi ambaye jina lake nitaliacha. Alikuwa anaruka kamba juani akiwa amevaa koti la nailoni, na ndani ya koti, mfuko mweusi wa taka uliotobolewa kichwa na mikono. Pembeni ilikaa chupa tupu ya kutemea mate. Mate nayo yana uzito. Juu ya benchi kulikuwa na mfuko wa duka la dawa: vitamini C za kuyeyusha kwenye maji, zinki, magnesiamu, na pakiti sita za ORS.

Nilimuuliza kocha zile za nini. Akanijibu kwa utulivu, kama mtu aliyeulizwa swali hilo mara nyingi. "Mwandishi, hiyo ndiyo bima yetu. Akishuka tu kwenye mizani tunamrudishia kila kitu. Chumvi ipo, vitamini ipo, madafu nimeshaagiza. Kesho usiku atakuwa mzima kuliko wewe."

Nikamgeukia kijana, nikamuuliza anajisikiaje. "Kaka, we acha tu," akasema, akarudi kwenye kamba.

Alipima, akapita. Kesho yake akashinda kwa pointi. Nalisema hili wazi ili usije ukadhani nasimulia hadithi ambayo mwishoni mtu anaadhibiwa. Mara nyingi hakuna anayeadhibiwa, na hiyo ni sehemu ya ugumu wa swali lenyewe.

Hebu tuuchukulie utetezi wa kocha kwa uzito unaostahili. Kwanza, yeye si mkatili. Madaraja ya uzito yaliwekwa kwa huruma, ili mwembamba asipigwe na mnene. Akimwacha kijana wake apigane kwenye uzito wake wa kila siku, atakutana na mtu ambaye yeye amejikausha kutoka juu, mwenye mifupa mikubwa na kilo tano za ziada. Kwa hiyo kumkausha kijana ni njia ya kumlinda. Pili, kijana ni mtu mzima. Amekubali. Anapigana kwa sababu anataka pesa na jina, na hakuna aliyemlazimisha. John Stuart Mill, katika kitabu chake kuhusu uhuru cha mwaka 1859, alishikilia kwamba jamii haina haki ya kumzuia mtu mzima kujidhuru mwenyewe, ina haki ya kumzuia asidhuru wengine tu. Bondia anaruhusiwa kisheria kupigwa ngumi za kichwa kwa raundi kumi. Itakuwaje tumruhusu kupigwa, halafu tumkataze kuona kiu?

Hoja hii ina nguvu, na mtu anayeijibu kwa kusema tu "ni hatari" hajaijibu. Ngumi yenyewe ni hatari.

Lakini tazama vizuri utetezi wa kwanza na wa pili vikiwa pamoja. Kocha anasema: lazima tukauke, kwa sababu wenzetu wanakauka. Kisha anasema: amekauka kwa hiari. Hayo mawili hayakai chungu kimoja. Kama lazima ipo, hiari imepungua. Na wale wenzetu nao wanasema hivyo hivyo kuhusu sisi. Kila upande unakauka kwa sababu ya upande wa pili, na mwisho wa yote wanakutana ulingoni wakiwa na tofauti ile ile ya uzito ambayo wangekuwa nayo kama wote wangekunywa maji. Faida imefutika, kiu imebaki. Ni kama watu wamekaa uwanjani kutazama mpira, wa mbele akasimama ili aone vizuri, wa nyuma naye akasimama, mpaka uwanja mzima umesimama na hakuna anayeona zaidi ya mwanzo. Kila mmoja alisimama kwa hiari. Ukimuuliza yeyote kama angependa kukaa, atasema ndiyo, ila hawezi kukaa peke yake.

Mill anamlinda mtu dhidi ya jamii inayomwingilia. Hapa kinachomwingilia kijana ni mpangilio wa mashindano wenyewe. Katika hali kama hiyo, sheria inayokataza inaweza kumpa uhuru zaidi ya sheria inayokaa kimya, kwa sababu ni yenyewe tu inayoweza kuwaambia wote wakae kwa wakati mmoja.

Na imewahi kufanyika. Mwishoni mwa mwaka 1997, kati ya Novemba 7 na Desemba 9, wanafunzi watatu wa mieleka kutoka vyuo vitatu tofauti vya Marekani walikufa wakijaribu kushusha uzito. Walikuwa wazima kabla ya hapo. Walivaa mavazi yasiyopitisha hewa, wakafanya mazoezi kwenye vyumba vya joto, wakajinyima maji. Cha kuzingatia ni kwamba kidole cha kwanza cha watu wengi kilielekezwa kwenye kreatini, unga ambao wanamichezo walikuwa wanautumia sana wakati ule. Ilikuwa rahisi kuamini kwamba kitu fulani kiliingia mwilini na kuua. Ripoti ya kituo cha taifa cha udhibiti wa magonjwa cha nchi hiyo, iliyotoka Februari 1998, ilieleza joto la mwili lililopita kiasi na ukaukaji. Wauaji walikuwa vitu vilivyotoka mwilini. Baada ya hapo mieleka ya vyuo ikabadilika: vyumba vya joto na mavazi ya mpira vikapigwa marufuku, upimaji ukasogezwa karibu na pambano, na mkojo ukaanza kupimwa kuona kama mtu ana maji ya kutosha kabla ya kukubaliwa kushuka uzani. Mieleka haikufa.

Desemba 2015, Yang Jian Bing, Mchina wa miaka 21, alikufa Manila akijiandaa kwa pambano la mashindano ya ONE Championship. Waandaaji wakabadilisha kanuni, wakaleta kipimo cha maji mwilini. Nasikitika kwamba karibu kila badiliko la aina hii lina kaburi nyuma yake.

Hapo kwenye kreatini ndipo penye kitu kilichonifanya niandike makala hii. Tumejenga utaratibu mzito sana wa kulinda mlango wa kuingilia mwilini. Chini ya kanuni za WADA, mwanamichezo anawajibika kwa chochote kitakachokutwa ndani yake, hata kama hakujua, hata kama hakukusudia. Na mlango huo kweli unahitaji mlinzi. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2004 ulipima bidhaa za virutubisho 634 kutoka nchi 13, ukakuta 94 zina homoni ambazo hazikuandikwa kwenye kopo. Yoel Romero, mpiganaji mzaliwa wa Cuba aliyepata fedha ya mieleka Olimpiki ya Sydney, alifungiwa miezi sita mwaka 2016 kwa sababu ya kirutubisho kilichochafuliwa. Mwaka 2019 mahakama ya New Jersey ikaamuru kampuni iliyokiuza imlipe zaidi ya dola milioni 27. Kwa hiyo bondia akinunua kopo la vitamini, sheria inamwambia: kila mikrogramu iliyoingia ni juu yako.

Sasa nenda mlango wa kutokea. Lita tatu za maji zinatoka usiku mmoja, na chumvi yake, na hakuna anayeuliza chochote. Dawa za kukojosha zimepigwa marufuku. Lakini koti la nailoni na mfuko wa taka, vinavyotoa maji yale yale, haviko kwenye orodha. Sababu iko, na tuwe wakweli: dawa za kukojosha zinaweza kuficha dawa nyingine kwenye mkojo. Nakubali. Ila kama sababu ni hiyo peke yake, basi tunachokilinda ni usafi wa kipimo chetu, na mwenye mwili hatumo katika habari yake. Hata dripu imewekewa mpaka: zaidi ya mililita 100 ndani ya saa 12 ni kosa, isipokuwa kwa sababu za matibabu zinazokubalika. Maana yake, mpiganaji aliyejikausha mpaka akahitaji dripu anaweza kuadhibiwa kwa kurudishiwa maji. Kwa kuyatoa, hapana.

Kidonge kina nafasi gani katika haya yote? Nimefikiri sana kuhusu zile pakiti sita za ORS. Ile ni dawa ya mtoto anayeharisha, ya mgonjwa wa kipindupindu. Kila lita moja ina gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, gramu 13.5 za glukosi, na kiasi kidogo cha potasiamu na sitrati, kipimo kilichokubaliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002. Imeokoa watoto wasiohesabika. Ilitengenezwa kwa ajili ya mtu aliyepatwa. Juu ya lile benchi ilikuwa inamsubiri mtu ambaye hajapatwa na kitu, mzima kabisa, ambaye ugonjwa wake umewekwa kwenye ratiba: saa nne asubuhi, Ijumaa.

Sisemi ORS haifanyi kazi. Inafanya, tena kuliko madafu peke yake, kwa sababu dafu lina potasiamu nyingi lakini sodiamu kidogo, na jasho limeondoka na sodiamu. Kinachonisumbua ni kazi nyingine ambayo ule mfuko wa duka la dawa ulikuwa unaifanya hata kabla haujafunguliwa. Ulikuwa unatoa ruhusa. Kwa kuwa tunayo ya kurudishia, tunaweza kutoa. Kocha aliuita bima, na bima inajulikana tabia yake: mtu akiwa nayo anaendesha kwa kasi zaidi.

Na sehemu kubwa ya bima ile ilikuwa karatasi tupu. Mwanaume mzima anahitaji miligramu 90 hivi za vitamini C kwa siku. Kidonge kimoja cha kuyeyusha mara nyingi kina 1000. Kwa dozi ya namna hiyo, uwezo wa mwili kufyonza unashuka, na kilichozidi kinaenda chooni. Kuna utafiti wa Ujerumani wa mwaka 2009 ambao vijana walifanya mazoezi kwa wiki nne, wengine wakimeza miligramu 1000 za vitamini C pamoja na vitamini E kila siku, wengine bila kumeza. Uwezo wa mwili kuitumia insulini, moja ya faida kubwa za mazoezi, uliongezeka kwa wale ambao hawakumeza. Inaonekana mwili unajifunza kutokana na ule msukosuko wa mazoezi, na ukiuzima msukosuko unazima na somo. Mwenye upungufu atibiwe, hilo halina mjadala. Bondia mwenye damu pungufu anahitaji madini ya chuma kwa ushauri wa daktari. Lakini hakuna kidonge cha vitamini kinachorudisha lita tatu za maji, na hakuna kidonge kinachogeuza uamuzi mbaya kuwa mzuri.

Kwa hiyo jibu langu kwa lile swali la mwanzo ni hili. Kijana anayejikausha hatendi dhambi ya uongo, kwa sababu hakuna anayedanganywa. Simlaumu. Simlaumu sana hata kocha, ambaye amekalia kiti asichokitengeneza. Ubaya uko kwa wenye uwezo wa kuwaambia wote wakae, na hawasemi: waandaaji, mashirikisho, na wanaotoa leseni. Kupima saa moja au mbili kabla ya pambano kunawezekana. Kupima mkojo kunawezekana, kifaa chake kinashikika mkononi na kinatumia matone machache tu. Kumkataza mtoto wa miaka 15 kushuka uzani kwa kujinyima maji kunawezekana leo hii, bila kusubiri bajeti ya mtu. Kuwa na uwezo wa kuondoa kiu isiyo na faida kwa yeyote, na kuiacha kwa sababu walioiona wamenyamaza, ndilo kosa ninaloliona.

Sisi tunaoandika tumo pia. Picha ya kupima uzito ni picha tamu: mashavu yameingia, mbavu zinahesabika, misuli imechoreka. Magazeti yanaitumia kama picha ya mtu aliye tayari. Daktari akiitazama picha ile ile ataona mtu anayetakiwa kupewa maji. Nikipewa tena nafasi ya kuandika maelezo chini ya picha ya namna hiyo, nitataja uzito aliopima, kisha nitataja uzito aliopanda nao ulingoni siku iliyofuata. Namba mbili, moja pembeni ya nyingine. Msomaji ana akili, atatoa hesabu mwenyewe.